Watoto Wetu Waisome Dunia Kutoka Ufuoni kwa Nyanza



Liko jambo linalopita kimya kimya katika shule zetu za sekondari, na kwa kuwa halina makelele, wengi wetu hatuliangalii. Bei ya pamba ikishuka, twapiga kelele. Maji ya bomba yakikatika, twapiga kelele. Nauli ya meli ikipanda, twaifuata ofisini. Lakini akili za vijana wetu zikipotoshwa njia, hapana asemaye neno. Leo twasema. Jambo lenyewe ni somo la historia ya dunia.

Mchukue kijana wa Kidato cha Sita hapa Mwanza. Mwulize habari za Mapinduzi ya Ufaransa, atakutajia tarehe 14 Julai 1789 bila kusita. Mwulize habari za Bismarck, atakueleza jinsi alivyoyaunganisha madola ya Kijerumani yakawa dola moja mwaka 1871. Vizuri sana. Sasa mshike mkono, mpeleke karibu na kivuko cha Kamanga, mwonyeshe lile jiwe lililosimama majini, ambalo picha yake imekuwa alama ya mji wetu. Mwulize: "Kwa nini jiwe hili laitwa Jiwe la Bismarck?" Wengi watanyamaza. Bismarck wa daftarini na Bismarck wa majini, hapana aliyewaambia kwamba ni mtu mmoja. Dunia imefundishwa kama kitu kilichoko mbali, na nyumbani kama mahali pasipo na historia. Hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Tukiwauliza wakubwa dawa yake, twapata majibu ya namna tatu. Yote matatu twayakataa, na tutaeleza kwa nini.

Wako wasemao: "Historia ya dunia ya nini? Haijazi chungu. Watoto wasome hesabu na sayansi wapate kazi." Hesabu na sayansi twazitaka sana, wala hatugombani nazo. Lakini twauliza: mhandisi wetu akishajua kujenga mtambo wa kuvuta maji, nani atamwambia kama anayo ruhusa ya kuyavuta?

Hili si fumbo. Mwaka 1929 Uingereza ilipatana na Misri juu ya maji ya Nili. Uingereza ilisema kwa niaba ya nchi zilizokuwa chini yake, Tanganyika ikiwamo, kwamba hapana kazi yoyote kubwa itakayofanywa katika mto huo au katika maziwa yaulishayo, ikiwa kazi hiyo yaweza kupunguza maji ya Misri, mpaka Misri ikubali. Msukuma, Mkerewe, Mjita, Mhaya, wote hawakuulizwa. Maji yaliyo mlangoni mwao yalitolewa rehani na watu wasiopata hata siku moja kuyachota. Na kwa nini Uingereza ilikuwa karimu hivyo kwa mali isiyo yake? Kwa sababu ilitaka pamba ya Misri na Sudani kwa viwanda vyake, na ilitaka amani kwenye njia yake ya Suez kwendea Bara Hindi. Hiyo ndiyo historia ya dunia, ndugu zangu. Ilikuwa imeingia ndani ya mtungi wa maji wa mama wa Misungwi, naye hana habari.

Aliyekuwa na habari ni mwalimu mmoja wa historia. Mwalimu Nyerere, aliyeanza kusoma katika shule ya Mwisenge, Musoma, kwenye ufuo huu huu wa Nyanza, na aliyefundisha historia Pugu kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya TANU, alijua mikataba ya namna hii hufungwaje na hufunguliwaje. Mwaka 1962, uhuru ukiwa haujatimiza hata mwaka mmoja, serikali yake iliziarifu Uingereza, Misri na Sudani kwamba Tanganyika haifungwi na mapatano yale ya 1929. Kwa msimamo huo nchi yetu iliweza baadaye kujenga mtambo wa Ihelele, Wilaya ya Misungwi, na kupeleka maji ya Nyanza mpaka Kahama na Shinyanga, mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Mwaka 2010 Tanzania ilitia sahihi Entebbe mkataba mpya wa ushirikiano wa nchi za bonde la Nili, na mkataba huo ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024. Misri haikutia sahihi, wala Sudani. Maana yake ni nini? Ni kwamba maneno bado hayajaisha. Vijana walioko Bwiru, Nsumba na Nganza hivi leo ndio watakaokaa kwenye meza ile kesho. Je, waende na hesabu tu mkononi, bila kujua mwaka 1929 palisemwa nini na kwa faida ya nani? Anayesema historia haijazi chungu, kwanza na aeleze maji yaliyomo chunguni yametokaje.

Jibu la pili lina uzalendo ndani yake, kwa hiyo twalijibu kwa heshima. Wako wasemao: "Basi tufundishe historia ya Tanzania peke yake. Mambo ya Ulaya na Marekani wajisomee wenyewe." Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Twaliunga mkono kwa mikono miwili. Lakini atakayelifanya somo hilo kuwa ukuta wa kuizuia dunia isionekane, huyo atakuwa amemfunga mtoto kitambaa machoni kwa nia njema.

Chukueni mpaka wetu wa kaskazini. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilitia sahihi mkataba huko Berlin. Ujerumani ikapata Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Ukerewe yetu ni kubwa kuliko kisiwa hicho zaidi ya mara mia mbili. Uingereza ikatambuliwa kuwa mlinzi wa Zanzibar, na katika karatasi zilezile mstari ukapigwa kukata ziwa letu katikati, kwenye nyuzi 1 kusini ya ikweta. Mstari haukuuliza samaki wanapita wapi, wala wavuvi wanatega wapi. Waluo wakawa wa huku na wa kule. Wakuria wakawa wa huku na wa kule.

Huko magharibi mstari huo uliendelea nchi kavu, ukauvuka Mto Kagera, ukakiacha kipande cha nchi kaskazini ya mto kikawa upande wetu. Miaka 88 baadaye, mwaka 1978, Idi Amin aliwaingiza askari wake katika kipande hichohicho, akatangaza kwamba ni cha Uganda mpaka mtoni, na daraja la Kyaka likavunjwa. Vijana wetu walikwenda vitani. Wengine hawakurudi. Mwaka 1979 Kampala ilianguka na Amin akakimbia. Mwambieni mama aliyepoteza mwanawe katika vita ile kwamba mkataba wa Berlin ni "mambo ya Ulaya". Atawaambia kaburi liko wapi.

Chukueni pamba. Baba zetu waliilima mpaka Usukuma wote ukawa mweupe wakati wa mavuno. Iliwafikaje? Viwanda vya Lancashire vilikuwa vikila pamba ya Marekani iliyolimwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipozuka Marekani mwaka 1861 mpaka 1865, pamba ikakosekana na wafanyakazi wa Lancashire wakalala njaa. Tangu hapo matajiri wa viwanda hawakutaka tena kutegemea nchi moja. Mwaka 1902 wakaanzisha chama chao cha kuenea na mbegu katika makoloni. Wajerumani nao walikuwa na hamu ileile. Huko kusini waliwalazimisha watu kulima pamba, na kulazimishwa huko kukawa moja ya sababu za Maji Maji ya 1905. Bei za dunia zilipoanguka baada ya 1929, mkulima wa Tanganyika hakupata nafuu. Aliamriwa alime zaidi. Na mwaka 2003, nchi nne za Afrika Magharibi, yaani Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilipeleka malalamiko mbele ya Shirika la Biashara la Dunia kwamba serikali ya Marekani inawajaza fedha wakulima wake wa pamba, na kwa hiyo bei ya dunia inaanguka juu ya kichwa cha mkulima wa Afrika. Mkulima wa Kwimba na wa Magu alikuwa katika kesi ile, ingawa hakuna aliyemwita.

Na sasa tazameni mwaka mmoja tu, mwaka 1955. Mwezi Machi mwaka huo Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, akaidai nchi yake. Mwezi Aprili nchi 29 za Asia na Afrika zilikutana Bandung, Indonesia, zikaulaani ukoloni wa kila namna. Na mwaka huohuo, hapa Mwanza, wakulima waliochoka kupunjwa kwenye mizani waliunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, wakiongozwa na Paul Bomani, likaja kuwa shirika kubwa la ushirika la Waafrika lililosifika mbali. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuipiga TANU marufuku katika Jimbo hili la Ziwa, marufuku iliyodumu tangu 1954 mpaka 1958. Chama kilifungiwa mlango, lakini watu wakasimama kwenye mizani yao. Mwaka 1958 watu wa Geita walikataa baraza la mseto walilobandikwa na serikali, wakaja kwa maelfu mpaka Mwanza kulalamika. Na mwaka huohuo Nyerere alishitakiwa kwa maneno aliyoyaandika katika Sauti ya TANU juu ya mabwana wa wilaya wawili, wa Musoma na wa Geita, akatozwa faini ya pauni 150.

New York, Bandung, Mwanza, Geita. Lilikuwa jambo moja. Lakini mtoto wetu husoma New York katika sura moja, Bandung katika sura nyingine, na Mwanza na Geita hazisomi kabisa au azisikie kwa babu. Ndiyo maana huona kama uhuru ulidondoka kutoka mbinguni, au mbaya zaidi, kama uliletwa na watu wa mbali. La hasha! Historia ya nyumbani isiyo na dunia ni nusu ya habari, na mwenye nusu ya habari ni rahisi kudanganywa.

Jibu la tatu ndilo baya kuliko yote, na wanaolitoa hawalisemi kwa mdomo. Wanalisema kwa vitendo. Kwao historia ya dunia ni historia ya Ulaya, nasi tunaingia siku ile Mzungu alipotuona.

Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke alisimama juu ya kilima karibu na Mwanza, akatazama maji, akayapa jina la malkia wake. Vitabu vikaandika kwamba "amegundua". Je, wavuvi waliokuwa ndani ya mitumbwi asubuhi ile walikuwa wakielea juu ya nini? Wenyeji waliyaita maji hayo Nyanza, Waganda wakayaita Nalubaale, Waluo Nam Lolwe. Kando ya Speke alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani mpaka Bara Hindi, akarudi Afrika akiwa mtu huru. Lugha za watu aliziweza yeye, na Speke asingalifika bila ya watu kama yeye. Mtu mmoja huyo amebeba biashara ya utumwa, Bahari ya Hindi na uvumbuzi wa Wazungu, vyote pamoja. Lakini mpaka leo ramani zetu zina Ghuba ya Speke na Ghuba ya Emin Pasha. Ghuba ya Bombay haipo.

Mwaka 1875 akaja Stanley. Aliteremsha mashua yake majini Kageye, si mbali na hapa, akalizunguka ziwa. Alipogombana na watu wa kisiwa cha Bumbire, alirudi na bunduki akawaua makumi yao, kisha mwenyewe akaandika habari hiyo magazetini. Hata Uingereza kwenyewe wako waliochukizwa. Je, mwanafunzi anayekariri "faida za wapelelezi" anaambiwa habari za Bumbire?

Kabla ya hao wote, upande wa magharibi wa ziwa, watu wa Buhaya walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Wataalamu wamechimba tanuri zao, na mwaka 1978 taarifa yake ilitoka katika gazeti kubwa la sayansi la Marekani. Katika kisiwa cha Ukara, watu waliobanana katika ardhi ndogo waliwafuga ng'ombe ndani, wakawakatia majani, wakakusanya samadi, wakajenga makinga-maji ya mawe, wakalima shamba lilelile mwaka hata mwaka bila ya kulichosha. Wanafunzi wetu husoma kwa bidii mapinduzi ya kilimo ya Uingereza, namna wenye mashamba walivyotumia samadi na mazao ya kupokezana. Wasome. Lakini Ukara wanaifikia kwa boti, na hawajaambiwa kwamba kuna la kujifunza kule. Na Ukerewe alizaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896, aliyekimaliza kitabu chake kikubwa cha maisha ya Wakerewe mwaka 1945, kwa Kikerewe, na hakikupigwa chapa mpaka 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe. Alifariki mwaka 1981. Miaka 35 kitabu kilingoja. Mwingereza angalikiandika, kingalingoja hivyo?

Hatusemi watoto wasiisome Ulaya. Waisome sana, waijue kuliko Ulaya inavyotujua sisi. Wayasome Mapinduzi ya Urusi ya 1917 na Vita Vikuu vyote viwili. Lakini wajue pia kwamba katika Vita ya kwanza Waingereza waliuteka mji huu wa Mwanza kutoka kwa Wajerumani mwezi Julai 1916. Na wajue kwamba katika Vita ya pili Wapolandi waliokuwa wamefukuzwa makwao na kupelekwa Siberia waliletwa mpaka Koja, upande wa Uganda wa ziwa hilihili, wakajenga kambi na kukaa kwa miaka. Mzungu mkimbizi, hana nchi, anahifadhiwa ufuoni kwa Nyanza! Mtoto akilijua hilo, hatamwogopa mtu kwa rangi yake, wala hatamdharau mkimbizi anayebisha hodi leo.

Sasa tuguse kidonda chenyewe: lugha. Somo la historia ya dunia katika sekondari bado hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mwalimu anajua, mwanafunzi ana akili, lakini katikati yao pana mlango uliofungwa. Matokeo yake ni kukariri. Mtoto anameza kurasa asizozielewa, anazitapika siku ya mtihani, na wiki ya pili hana kitu. Kisha tunasema vijana hawapendi kusoma!

Wako watakaosema Kiswahili hakina maneno. Hao twawajibu hivi. Mwaka 1963 Nyerere alitoa tafsiri ya Juliasi Kaizari, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Ikiwa Kaizari wa Roma aliweza kufa kwa Kiswahili kizuri, mfalme wa Ufaransa naye ataweza. Ubepari, ujamaa, ukabaila, ubeberu, mapinduzi, udikteta: maneno haya wakulima wameyatumia kwenye mikutano ya hadhara tangu zamani, na walielewa kila neno. Kiingereza kifundishwe kama lugha, tena kifundishwe barabara, maana cha leo kimekuwa si Kiingereza wala si elimu. Lakini kufikiri, mtu hufikiri kwa lugha anayoielewa.

Wala kazi hii haianzi leo. Mwaka 1965 wanahistoria wa Afrika na wa nchi nyingi walikutana Dar es Salaam kuiondoa historia ya Afrika mikononi mwa wakoloni. Mwaka 1972 Walter Rodney, mtu wa Guyana aliyefundisha chuo chetu kikuu, alitoa kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidhoofisha Afrika, kikasomwa dunia nzima. Waliotutangulia walitulimia shamba. Sisi tumeliachia magugu.

Basi tufanye nini? Kwanza, Taasisi ya Elimu na Baraza la Mitihani ziruhusu historia ya dunia ifundishwe na kutahiniwa kwa Kiswahili, kama lilivyoruhusiwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Pili, kila mtihani uwe na swali linalomtaka mwanafunzi aunganishe jambo la dunia na mahali anapoishi. Kitakachotahiniwa ndicho kitakachofundishwa, kila mwalimu analijua hilo. Tatu, madiwani wetu watenge fedha, hata kidogo, wanafunzi wapelekwe Kageye, Ukara, Ihelele na Kyaka. Fedha za semina zipo, hizi zikosekane kwa nini? Nne, wanachama wa matawi wawatafute wazee waliobaki wa ushirika na wa vita ya Kagera, wawapeleke mashuleni wakaseme kabla hawajatutoka. Nyaraka za vyama vya msingi zinazoliwa na mchwa katika maghala ya pamba zikusanywe na kuhifadhiwa.

Lipo moja lisilongoja waraka wala bajeti. Baba na mama, usiku huu mwiteni mtoto wenu aje na daftari lake la historia. Mwulizeni amesoma nini, akielezeeni kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Akishindwa, msimchape. Njooni mkutanoni Jumapili na daftari hilo mkononi, tuwaulize wanaohusika mbele ya watu wote.

Uhuru na Kazi!